Mawe Niliyoyaosha Siku ya Ijumaa

Mwaka wa 1971, nikiwa na miaka tisa, baba yangu alianguka kutoka juu ya mkaratusi aliokuwa akiwakatia watu, na taabu ikahamia kwetu siku hiyo hiyo. Nilikuwa darasa la pili. La tatu sikuliona. Nilichukua jembe lake, na jembe ndilo lililonilea, nikaoa kwa jembe, nikasomesha watoto wanne kwa jembe.

Nayasema haya mapema ili msidhani anayewaandikia ni mtu wa digrii. Nimechimba vyoo vya shimo Ogembo, nimebeba mikungu ya ndizi soko la Daraja Mbili, nimepasua mawe Tabaka. Halafu, miaka hamsini ikinikaribia, nikaangukia kazi iliyonipa jina: kusafisha maji yanayotoka kwenye mabwawa ya samaki. Si kwa dawa. Kwa vijidudu, mawe na matete. Kutoka Kisii mpaka Nyamira, mtu ambaye maji yake ya samaki yananuka aliambiwa, mtafute yule mzee.

Sasa nimestaafu, na nyinyi vijana mnakuja hapa kwangu na simu zenu kuniuliza siri za kazi. Nitawapa. Lakini siri hizo si zangu. Nilifundishwa na mtu mmoja, na mtu huyo alifukuzwa kazi kwa kosa langu, mimi nikiwa nimesimama pale pale, nasikia kila neno, mdomo nimeufunga. Nyinyi mmekuwa mkimsikia kama mtu aliyeua samaki. Hakuua hata mmoja.

Anaitwa Ochieng. Ni mtu wa ziwani, mrefu, mwembamba, na kabla ya kuja kwetu alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye mabwawa ya maji taka ya mji fulani. Aliyemleta ni Madam Kemunto, muuguzi aliyestaafu, mwenye shamba bondeni upande wa Nyamira. Madam alikuwa amejenga matangi mawili ya saruji na kuchimba mabwawa matatu, akafuga kambare na tilapia. Mimi ndiye niliyechimba. Mwaka wa kwanza mambo yakawa mazuri. Mwaka wa pili akina mama wanaoteka maji chini ya kijito wakapanda mpaka langoni kwake na mitungi.

Mmoja akamnyooshea kikombe. "Madam, wewe ni wa hospitali. Hebu kunywa hii utuambie ni dawa ya nini."

Maji yalikuwa ya kijani na yananuka. Madam hakunywa. Chifu akatoa neno: ama maji yatoke pale yakiwa safi, ama mashimo yafukiwe.

Siku ya kwanza Ochieng alinikuta nimekaa juu ya ndoo nakula tilapia wa kuchoma.

"Wewe Mkisii, unajua samaki?"

"Najua kumla."

"Hata kumla hujui. Nimekuona ukimtupia paka kichwa."

"Na wewe umetoka kwenu kwenye samaki kuja kwetu kula ndizi. Nani mjinga?"

Akacheka mpaka akaketi chini. Tangu siku hiyo aliniita omera, yaani ndugu, kama wanavyoitana kwao. Mimi nilimwita Mtu wa Ziwa. Aliniita ndugu, mimi nikamwita kwa mahali alikotoka. Leo naliona hilo. Wakati ule nilidhani ni utani tu.

Sasa kazi yenyewe, na msikilize vizuri, kwa sababu wengi wenu mnaikosea hapa. Maji ya samaki yana uchafu wa aina mbili. Kuna unaouona, mavi na chakula kilichobaki. Huo unautegea shimo la kutuliza, maji yaingie polepole, tope likae chini, ulichote upeleke kwenye migomba. Ndizi zitakushukuru. Kuna na uchafu usiouona, amonia, sumu inayotoka kwenye mwili wa samaki mwenyewe. Maji yanaweza kuwa maangavu kama kioo na bado yakaua tangi zima.

Ya pili hiyo huwezi kuichota. Inaliwa. Ochieng alinichimbisha mtaro mrefu, tukaujaza kokoto, maji yakawa yanapita humo usiku na mchana. Wiki ya kwanza hakuna kitu. Ya tatu mawe yakaanza kuteleza. Ya sita yakawa na ute wa rangi ya kahawia, mzito kama mlenda. Akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akautoa, akaninusisha.

"Nini hiyo?"

"Udongo," nikasema. "Udongo baada ya mvua."

"Hao ndio wafanyakazi wangu. Wanakula sumu. Hawaombi likizo, hawaendi matanga. Lakini ni wadogo kuliko macho yako, kwa hivyo utawasahau. Usiwasahau."

Kutoka mtaroni maji yaliingia kwenye kitanda cha matete, matete yakanyonya kilichobaki, kisha nusu ikarudi kijitoni na nusu ikapandishwa kwa pampu kurudi kwenye matangi. Ilibidi hivyo, kwa sababu kiangazi kijito chetu huwa kamba tu. Baada ya miezi mitatu yule mama wa kikombe alikuja akateka maji yanayotoka kwenye matete, akayaangalia juani, akaenda zake bila kusema kitu. Kwetu hiyo ni sifa kubwa.

Msidhani nilikuwa mwanafunzi mzuri. Kokoto zilipopungua, mimi nikajifanya mjanja. Nilikumbuka zile taka za mawe kule Tabaka, vipande wanavyotupa wachongaji, vya bure, laini, vyeupe na vya waridi. Nikaleta pikapu nzima. Ochieng alisimama juu ya mtaro akaangalia.

"Omera, umetuletea sanamu?"

"Mawe ni mawe."

"Jaribu kusimama juu ya sahani yenye mafuta. Mdudu naye anataka mahali pa kushika."

Sikumsikia. Nikamwaga. Baada ya siku nne maji yalikuwa kama chai ya maziwa, unga wa yale mawe umeziba mtaro wote, na ute haukushika. Nikayatoa yote kwa mikono, siku mbili nimeinama, naye ameketi ukingoni ananiimbia wimbo wa makasia. Hakumwambia Madam. Madam alipouliza kwa nini maji ni meupe, Ochieng alijibu, "Tunajaribu kitu." Tunajaribu. Mlisikie neno hilo.

Yeye ndiye aliyenituma Daraja Mbili kuokota vifuniko vya chupa za soda na maji. Akina mama wa ndizi walinicheka. Mmoja akaniuliza, "Mzee, umeanza lini?" akidhani akili imeniruka. Nikamwambia naenda kuwajengea wadudu nyumba. Akamwambia mwenzake kwa Ekegusii, huyu tumwombee. Lakini vifuniko elfu kwenye neti vina mahali pengi pa kushika kuliko lori la kokoto, na ni vyepesi. Leo mnavinunua vya plastiki vilivyotengenezwa kiwandani. Ni kitu kile kile.

Sasa nakuja kwenye Ijumaa.

Sisi tunaoshika Sabato tunaijua Ijumaa. Ni siku ya maandalio. Nguo zinapigwa pasi, kuni zinapasuliwa, viatu vinang'arishwa, sufuria zinasuguliwa kwa majivu mpaka ujione uso. Jua likizama mikono inatulia mpaka jua la Jumamosi lizame tena. Mama yangu alinilea hivyo. Kitu kichafu siku ya Ijumaa mchana kilikuwa aibu ya nyumba.

Ochieng alisali kanisa lingine, kwa hivyo tuligawana. Jumamosi ilikuwa yake shambani, Jumapili yangu. Mpango huo ulikwenda vizuri miaka miwili. Ila wiki hiyo alifiwa na shangazi yake. Alhamisi jioni akanijia.

"Omera, kesho asubuhi naenda nyumbani kuzika. Nirudi Jumapili jioni. Jumamosi utaniangalizia?"

"Nenda. Nitaangalia."

"Sabato yako je?"

"Nimesema nenda. Samaki si ng'ombe? Ng'ombe anakamuliwa hata Sabato."

Maneno yangu mwenyewe hayo. Hakuna mtu mwingine aliyeyasikia, na hilo ndilo lililonipa nafasi ya kuwa mtu mbaya.

Madam naye hakuwa nyumbani. Alikuwa Kisii mjini kwa dada yake, arudi Jumapili asubuhi pamoja na wageni, kikundi cha wakulima kutoka Ogembo waliotaka kuona jinsi maji machafu yanavyosafishwa. Aliniambia kwenye simu, "Hakikisha kumetakata." Alimaanisha nyasi na njia. Mimi nilipokata nyasi, nikafagia njia, nikapaka chokaa mawe ya langoni, nikaangalia ule mtaro. Ute. Kahawia, unaning'inia kama makamasi. Nikajiambia, wageni wa Ogembo watakuja kuona usafi, na kitu cha kwanza wataona makamasi?

Mnaona mahali mtu anapopotelea? Nilikuwa nimefundishwa miaka miwili kwamba ule ute ndio kazi yenyewe. Nilijua kwa masikio. Lakini mikono yangu ilikuwa ya mama yangu, na ilikuwa Ijumaa.

Nikafunga maji ya mtaro. Nikatoa kokoto na vile vifuniko, karai baada ya karai. Nikatia sabuni ya unga. Kisha nikachukua ile klorini ambayo Madam alikuwa nayo ya kuoshea sakafu, nikaloweka. Nikasugua kwa brashi. Nikasuuza mara tatu kwa maji ya kijito mpaka sabuni ikaisha, kwa hilo nilikuwa mwangalifu. Saa kumi na moja jioni mawe yalikuwa yanang'aa kama meno. Nikayarudisha, nikafungulia maji. Na kwa sababu kesho yake ni Sabato, nikawapa samaki chakula mara mbili kwa mkupuo mmoja, nikidhani kwamba hapo nimeshawaangalia. Nikaenda nyumbani nikaoga.

Jumamosi sikukanyaga shambani. Nilikuwa kanisani nimeketi mbele, nguo zimenyooka.

Jumapili asubuhi niliusikia mlio kabla sijafika. Kama mvua ndogo kwenye mabati. Ni midomo. Samaki wenye shida ya maji hupanda juu na kupigapiga midomo, na ukisikia mlio huo, kijana, usiende kutafuta simu, sitisha chakula, fungulia maji mapya, tia hewa, kimbia. Mimi nilisimama. Tilapia wa tangi la kwanza walikuwa wamegeuka matumbo juu karibu wote, la pili nusu. Kambare ndio waliokuwa bado wanahangaika, maana kambare ni mgumu kama sisi. Nikafungulia maji ya kijito yote, nikachota kwa ndoo, nikachota mpaka Madam na wageni wa Ogembo wakanikuta nimelowa mpaka shingoni.

Mgeni mmoja, mzee wa kofia, akauliza kwa upole, "Hii ndiyo ile njia mpya?"

Hakuna aliyecheka.

Ochieng alirudi jioni. Jumatatu asubuhi Madam akatuita wawili pale kwenye matangi. Wafanyakazi wa chai wa shamba jirani walikuwa wamesimama uani wanasikiliza.

"Jumamosi ni zamu ya nani?"

"Yangu, Madam," Ochieng akasema. "Lakini nilienda matanga. Nilikuwa nimesema."

"Ulisema na nani? Mimi hukuniambia."

Ochieng akanigeukia. Hakuninyooshea kidole. Aliniangalia tu, akangoja. Madam naye akanigeukia.

"Wewe mzee, alikuachia zamu?"

Nilikuwa na watoto wawili sekondari. Nilikuwa na jina kanisani. Hizo ni sababu, na nimezisema mara nyingi kichwani mpaka zikachakaa. Ukweli ni kwamba niliogopa wale wafanyakazi wa chai watanicheka: mzee mzima ameosha wadudu kwa sabuni.

Nikasema, "Mimi siku za Jumamosi huwa kanisani, Madam. Anajua."

Halikuwa neno la uongo. Ndiyo ubaya wake. Madam akamwambia Ochieng kazi yake pale imekwisha.

Ochieng akainama kwenye mtaro. Akaokota jiwe moja, akalipitishia kidole, likalia kama sahani safi. Akalinusa. Akalirudisha polepole mahali pake. Nilijua amejua. Nikangoja aseme. Akavua zile gamubuti alizopewa na Madam, akaziweka pamoja kwenye saruji, akaondoka pekupeku akipitia njia niliyokuwa nimeifagia.

Maneno yakatembea. Kwetu maneno hayahitaji boda boda. Kila mwenye bwawa, Kisii na Nyamira, akasikia kuna mtu wa ziwa aliyeacha samaki wa Madam wakafa akaenda kula matanga. Walimwongezea na ulevi, yeye ambaye hakunywa kitu. Hakuna aliyempa kazi tena huku. Na waliohitaji mtu wa maji wakamchukua nani? Walinichukua mimi. Kila nilichowafanyia ni chake. Mtaro, wake. Vifuniko, vyake. Matete kukatwa nusu nusu ili kitanda kisilale uchi, na majani apewe ng'ombe, ni yeye. Hata kile kipimo changu mnachokisifu, kwamba mtaro mzima hunuka udongo wa mvua na mtaro uliokosa hewa hunuka yai bovu, nilikitoa kwenye mkono wake. Nyinyi mna karatasi za kupimia amonia, mna pampu za jua, mna hata vijidudu vya kununua kwenye chupa. Vizuri. Lakini hakuna karatasi ya kupimia mtu aliyesimama karibu nawe amenyamaza.

Kwa hiyo jambo la kazi ni hili. Mawe yakizidi kuziba, usiyaoshe kwa maji ya mfereji wala sabuni. Yatikise ndani ya maji ya tangi lenyewe, robo ya mtaro leo, robo nyingine baada ya wiki mbili. Usimpe samaki cha kesho leo. Akifunga siku moja hafi. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, mchana, mbele ya wale wale waliosimama. Kosa la kazi lina dawa. Nilichofanya Jumatatu hakikuwa kosa la kazi.

Mwaka jana, baada ya kustaafu, nikamtafuta. Nilimpata kwao, anauza mkaa kando ya barabara. Mvi zimejaa. Nilikuwa nimebeba jogoo na mkungu wa ndizi. Nikamwita jaduong', mzee, kwa lugha yao, kwa heshima. Nikamweleza yote wakati bado nimesimama.

Akaniambia, "Nilijua. Lile jiwe lilikuwa linanukia hospitali."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilikungoja wewe. Nilisimama pale nikakungoja, na njiani nikakungoja. Mwaka mzima nilikuwa nikisikia pikipiki inasimama nadhani ni wewe."

"Nimekuja sasa."

"Umekuja kwangu. Mimi nilikuwa nikijua tayari. Nenda kwa asiyejua." Akamwangalia jogoo. "Na huyo mrudishe. Nikimla nitakuwa nimekusamehe, na bado sijafika huko."

Nikaenda kwa Madam. Anatembea na fimbo siku hizi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kitu kimoja, "Kwa nini unaniambia ukiwa umeshamaliza kazi?" Akaomba namba ya Ochieng, akapiga mbele yangu. Nilimsikia akisema, "Ochieng, mwanangu, nilikufukuza bila kuuliza vizuri." Akamwomba aje awafundishe nyinyi, shamba bado lipo. Akasikiliza, kisha akaweka simu mezani.

"Amesema nini?"

"Amesema asante. Na amesema mikono yake imeshazoea kuwa kavu."

Basi. Nilipotoka pale nikaona waliobaki wasiojua ni nyinyi, ndiyo maana nimeandika. Mkisikia mtu anasema mtu wa ziwa aliua samaki Nyamira, mwambieni ni mimi. Tajeni jina langu, mnalijua.

Mlitaka pia kujua kazi hii imenipa nini. Nina robo tatu ya eka, hati iko kabatini. Nina nyumba ya matofali, vyumba vitano, mabati hayavuji. Nina ng'ombe wawili, mmoja anakamuliwa. Nina mabwawa mawili, mtaro wa mita kumi na tano na kitanda cha matete. Nina pampu moja, karai sita, majembe manne. Nina migomba sijaihesabu. Nina mke, watoto wanne, wajukuu tisa. Nina namba ya simu ya Ochieng. Nikipiga inalia mpaka inakatika.